Kumpata msimamizi wa staji ya afya ya akili hapa Lubumbashi

Barua ya staji, yaani mafunzo ya kazini, inakufikisha getini. Mlinzi anaisoma, anakuonyesha ofisi ya sekretari, sekretari anapiga muhuri wa kupokea, na kazi ya barua inaishia hapo. Nani atakaa pembeni yako utakapokuwa mbele ya mgonjwa anayejibizana na watu usiowaona? Nani atakuangalia ukichoma sindano ya kwanza ya haloperidoli, dawa ya kutuliza akili iliyochafuka, huku kaka watatu wa mgonjwa wamemshikilia? Hayo barua haisemi, na shule nyingi hazisemi pia. Zinakupa karatasi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, kisha zinakutakia heri.

Mimi ni muuguzi wa magonjwa ya akili. Nimefanya kazi hii hapa Lubumbashi tangu watoto wangu wakiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa wao wanabeba wa kwao. Wanafunzi nimewapokea wa kila namna: wa uuguzi ngazi ya A1 na A0, wa saikolojia, hata vijana wa udaktari waliokuja wakiwaogopa wagonjwa kuliko wagonjwa walivyowaogopa wao. Kila mwaka naona wengi wanahangaika kutafuta msimamizi, ankadrere, na wengi wanahangaika kwa sababu wameanzia upande usiofaa. Wanatafuta hospitali yenye jina, halafu wanasubiri hospitali iwagawie mtu. Mimi nasema geuza. Mtafute mtu, umpate, akukubali. Hospitali na karatasi vitamfuata yeye.

Na mtu huyo, mara nyingi, si daktari.

Kwa nini umfuate muuguzi

Najua mnavyofikiri. Jina la daktari wa akili kwenye karnee, kile kijitabu cha staji, linapendeza, hasa siku ya kutetea kazi yako mbele ya juri. Lakini hesabu mwenyewe. Madaktari wa akili katika mji wetu ni wachache mno kwa wagonjwa waliopo. Daktari anapita asubuhi, anasikiliza ripoti ya usiku, anabadili dozi, anakwenda kuona wagonjwa wa nje, mchana ana vijana wake wa udaktari, jioni ana kikao. Muuguzi ndiye anayeshinda na mgonjwa. Ndiye anayejua kwamba bibi wa kitanda cha dirishani anaficha vidonge chini ya ulimi, na kwamba yule fundi wa magari hutulia akipewa kazi ya mkono na kuchafuka akiachwa akae bure.

Nikuonyeshe ninachomaanisha. Kijana mmoja aliletwa na ndugu zake kutoka Katuba, halali usiku, anapiga watu, anasema majirani wameweka mtego kwenye maji yake ya kunywa. Akaanzishiwa haloperidoli. Siku ya pili yake shingo ikapinda upande mmoja, macho yakageukia juu, ulimi ukawa mzito hadi mate yanamwagika. Mama yake akaanza kulia kwa sauti: bulozi, yaani uchawi, umemfuata mwanangu mpaka hospitali. Mwanafunzi aliyekuwa zamu akatimua mbio kwenda kumtafuta daktari, na daktari alikuwa ameshaondoka. Muuguzi wa zamu, papa mmoja mpole asiye na cheo chochote, akamwita yule mwanafunzi arudi. Akamshika mkono, akauweka kwenye shingo ya mgonjwa: "Gusa hapa. Unaona msuli ulivyokaza? Sasa soma karatasi yake ya dawa. Haloperidoli jana, haloperidoli leo. Kijana, tena mwanamume. Hawa ndio inawapata zaidi." Akachoma biperideni, dawa ya kulegeza mkazo huo, akavuta kiti, akaketi na mama wa mgonjwa. Hakumbishia habari ya bulozi. Alimwambia tu, tulia, tuangalie saa pamoja. Kabla nusu saa haijaisha shingo ilikuwa imenyooka, na mama akaanza kuuliza maswali ya dawa.

Mwanafunzi yule alijifunza mambo matatu au manne kwa mpigo, na hakuna hata moja ambalo angelipata kwenye ofisi ya profesa. Papa yule hajawahi kuandikwa kwenye orodha ya wasimamizi wa shule yoyote. Watu kama yeye ndio wa kutafutwa.

Shule yako huenda ikadai sahihi ya mtu mwenye diploma ya kiwango fulani. Hilo lina dawa: daktari au mkuu wa huduma anatia sahihi kama msimamizi wa karatasi, muuguzi anakusimamia kazini, na wote wawili wanajua hivyo tangu mwanzo. Usilifanye kwa siri.

Wapi pa kumtafuta

Kila mtu anakimbilia Kituo cha Joseph Guislain, na sishangai. Ndicho kituo chetu kinachojulikana kwa magonjwa ya akili, kiko chini ya mafurere, watawa wa kiume, wa Frères de la Charité, na kimebeba jina la daktari wa Gent, Ubelgiji, aliyeishi kati ya 1797 na 1860, akapigania wagonjwa wa akili wasifungwe minyororo. Nenda pale, ndiyo. Lakini jua kwamba shule nyingi hutuma wanafunzi wao katika miezi ileile, na wodi ikijaa makoti meupe hakuna anayefundishwa. Mnasimama nyuma ya mabega ya wenzenu. Ukiweza kuomba kipindi ambacho wengine wako kwenye mitihani, omba.

Kama shule inataka kila mtu apite kituoni, pita, lakini usiache milango mingine. Mgonjwa wa akili hakai psikiatria tu. Nenda hospitali ya Sendwe, nenda Cliniques Universitaires, uliza wodi ya uzazi ni nani anayewashughulikia akina mama wanaochanganyikiwa baada ya kujifungua. Uliza huduma ya VVU ni nani anayekaa na mtu siku anapopewa majibu. Katika vituo vya afya vya kartye, mitaani, mwulize IT, muuguzi mkuu wa kituo, kama yeye au mwenzake amepata mafunzo ya mhGAP, ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa. Toleo la pili lilitoka 2016 na lipo kwa Kifaransa. Ukimpata muuguzi wa namna hiyo, umepata mtu anayeona kifafa, huzuni nzito, ulevi wa lutuku na bangi, watoto wasiosema, wazee wanaosahau njia ya nyumbani, vyote katika wiki moja. Kifafa peke yake kinatosha kukufundisha ufuatiliaji: nani amerudi kuchukua fenobarbitali yake, nani hajarudi, na nani alimwambia aache.

Gereza la Kasapa lina wagonjwa, hilo hata asiye muuguzi anaweza kulikisia. Ruhusa ni ngumu na mahali ni pazito, kwa hiyo namshauri mwanafunzi wa mwaka wa mwisho peke yake, tena akiwa na muuguzi wa gereza aliyemkubali kwa jina. Kwa upande wa watoto, nyumba za watawa Wasalesiani kama Bakanja zinapokea watoto wa barabarani. Pale msimamizi wako atakuwa mlezi, si muuguzi, na saa zake shule inaweza isizihesabu. Hata hivyo utajifunza kuongea na mtoto aliyefukuzwa nyumbani kwa kuitwa mlozi. Huyo utakutana naye tena wodini akiwa mkubwa.

Vyumba vya maombi wanakofungwa wagonjwa kwa kamba si mahali pa staji. Nasema kwa sababu nimeulizwa.

Wenye ndugu mashariki wajue kwamba mafurere haohao wana vituo vya akili, SOSAME huko Bukavu na Tulizo Letu huko Goma, na ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wana hospitali ya Ndera. Hali ya usalama ndiyo itakayokuamulia kama safari inafaa. Kwa wa Kinshasa kuna CNPP, kituo cha magonjwa ya akili cha Mont-Amba.

Namna ya kumwendea

Kwanza upate jina. Usiulize "nani anapokea wanafunzi?", maana utaelekezwa ofisini. Waulize waliokutangulia shuleni swali hili: "Ulipokuwa staji, nani alikuwa anakuita kitandani kukuonyesha kitu?" Majina mawili au matatu yatajirudia. Ndiyo orodha yako.

Pili, saa. Asubuhi usimsogelee mtu. Ripoti ya usiku, ziara ya daktari, kugawa dawa, sindano, ndugu wanaogombea mlangoni. Ukimjia mtu katikati ya hayo atakujibu "rudi kesho", na kesho atasema hivyo tena. Njoo mchana, dawa zikishagawiwa na wagonjwa wakishakula, wakati muuguzi ameketi anaandika. Njoo peke yako. Mkija watano, mnaonekana ujumbe wa malalamiko.

Kama una namba yake ya WhatsApp, andika. Usitume sauti ya dakika nne kwa mtu usiyemjua, na usipige simu usiku, maana simu ya usiku kwa muuguzi wa akili ni habari mbaya. Ujumbe uwe kama huu (Ya ni kaka au dada mkubwa):

"Jambo Mama Fulani. Naitwa Fulani, ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, uuguzi wa afya ya akili. Natafuta staji ya wiki sita kuanzia mwezi wa tatu. Ya Fulani aliyefanya staji kwenu mwaka jana ndiye aliyenitajia jina lako, kwamba unafundisha vizuri katika wodi ya wanawake. Ninachotaka zaidi ni kujifunza mahojiano ya kwanza na mgonjwa, na kufuatilia dawa zake hadi anapotoka. Naomba nije kukusalimia, siku na saa itakayokufaa. Barua ya shule ninayo."

Angalia kilichomo. Kuna jina la mtu anayejulikana pande zote mbili, na hapa kwetu hilo lina uzito kuliko muhuri. Kuna muda wenye mwanzo na mwisho, kwa hiyo mama anajua hatabebeshwa mzigo usio na siku ya kutuliwa. Na kuna jambo moja unalotaka kujifunza. Mwanafunzi anayesema "nataka kujifunza kila kitu" ananichosha kabla hajafika. Anayeniambia "sijui kuhoji mgonjwa asiyetaka kusema" ananipa hamu ya kumwonyesha, maana hilo ninalijua na ninalipenda.

Siku ya kwenda kusalimia, vaa kwa heshima, viatu vilivyofungwa, kucha fupi, hereni ndogo au uziache nyumbani. Usimwite mtu mzima kwa jina tupu. Sema Mama, Papa au Ya, na kama ni furere, mwite furere. Simu iwe mfukoni. Nikikupitisha wodini, ninakuangalia wewe: mgonjwa akikushika mkono unauvuta kwa kinyaa, au unamsalimia? Mimi uamuzi wangu naufanya hapo, barua naisoma baadaye.

Akikubali ndipo urudi shuleni kuomba barua iliyoelekezwa mahali hasa, ikipita kwa mkurugenzi wa uuguzi, yule DN, kama utaratibu unavyotaka. Mwambie msimamizi wako siku barua inapoingia ili asishtukizwe na ofisi. DN akiuliza "nani atamchukua huyu?" na mtu akajibu "mimi nitamchukua", mambo yanakwisha.

Habari ya pesa

Ada ya staji inalipwa ofisini, kwa risiti. Muuguzi anayekusimamia mara nyingi hapati chochote humo, au anapata kidogo kisichostahili kutajwa, na hiyo ni sababu moja ya wengine kukimbia wanafunzi. Sasa mwanafunzi mwerevu anafikiria bahasha. Usitoe. Matabishi ya kuingilia yanakununulia sahihi, na aliyeuza sahihi hana tena sababu ya kukufundisha. Nilipokuwa mwanafunzi, kwenye hospitali nisiyoitaja, kulikuwa na mtu aliyetia sahihi karnee nzima siku ya kwanza kwa aliyelipa. Wenzangu waliolipa walifurahi mpaka siku walipoajiriwa.

Msaidie kwa kazi. Njoo na vyako: glavu, kipimo cha presha, kipimajoto, kalamu mbili, daftari. Andika grafu za presha na homa bila kuambiwa. Kaa na mgonjwa mpya ili muuguzi akamilishe dawa. Nenda maabara. Bukari, ugali wetu, ya mchana ikiletwa na ukaalikwa, kula. Kukataa ni kuringa. Mwisho wa staji ukitaka kumletea mtu kitenge au kuku wa shukrani, hiyo ni desturi yetu na haina ubaya, mradi karnee imeshatiwa sahihi.

Mwulize na yeye

Watu wanadhani mwanafunzi hana haki ya kuchagua. Anayo, akiitumia kwa adabu. Uliza: "Mama, mtakuwa na wanafunzi wangapi wakati huo?" Uliza: "Mgonjwa akichafuka, mnafanyaje?" Sikiliza jibu la swali hili la pili kwa masikio yote. Anayekuambia kwamba wanaanza na maneno, wanaondoa watu na vitu vya hatari, wanakuwa wengi wa kutosha kabla ya kumshika, wanamfunga kwa kitambaa kwa muda mfupi tu ikibidi na kumwangalia mara kwa mara kupumua kwake na mikono yake, huyo mfuate. Anayecheka na kusema "hapa wanajua fimbo", shukuru, aga, usirudi. Anayesema atakuacha zamu ya usiku peke yako kwa sababu "utazoea", huyo naye mkimbie. Mwanafunzi hakai peke yake na mgonjwa aliyechafuka, hata awe na nguvu kiasi gani.

Uliza pia kama utaruhusiwa kuhoji. Kuna wodi ambako mwanafunzi anafagia na kupima presha wiki sita nzima. Kupima presha ulishajifunza kwingine.

Wiki ya kwanza

Mkishakubaliana, andikeni malengo yenu kwenye ukurasa mmoja, machache. Mimi hupenda mwendo huu: siku za kwanza unaketi nami, unasikiliza. Kisha unahoji wewe, mimi nikiwa pembeni, sisemi. Kisha unahoji peke yako, unaniletea ripoti, na mimi narudi kwa mgonjwa kuhakikisha.

Mahojiano ndiyo yanayoonyesha kama msimamizi ni wa kweli, kwa sababu fomu ni ya Kifaransa na mgonjwa anaongea Kiswahili, Kiluba au Kibemba. Mwanafunzi wangu mmoja alimwuliza mama mmoja, "Unasikia sauti?" Mama akamjibu, "Nasikia ya kwako." Alikuwa sawa kabisa. Tukakaa jioni ile tukatafuta swali: "Ukiwa peke yako, kuna anayekusemesha ambaye wengine hawamsikii? Anasema nini? Anakuamuru? Umewahi kufanya alichokuamuru?" Hilo la mwisho usilisahau kamwe, maana sauti inayoamuru ndiyo inayoua.

Na habari ya bulozi. Mgonjwa akisema amelogwa na shangazi, kitabu kinakuvuta uandike kwamba ana fikra za uongo. Pole pole. Nusu ya wodi ingeandikwa hivyo, na nusu ya wauguzi pia. Msimamizi mzuri atakutuma kwa familia: ninyi mnaonaje? Kama ukoo mzima unasema shangazi ni mlozi, hiyo ni imani ya nyumbani na peke yake si ugonjwa. Kama familia inashangaa, inasema shangazi huyo alifariki zamani na mgonjwa mwenyewe alimzika, na kwamba maneno haya yameanza alipoacha kulala, hapo una kitu cha kuandika. Utofauti huu huwezi kuupata kwa msimamizi anayesoma karatasi tu bila kukaa na ndugu wa mgonjwa chini ya mti uani.

Mpwa wangu aliye Marekani

Mtoto wa dada yangu yuko Marekani, ni muuguzi, na sasa anasomea ngazi ya juu ya uuguzi wa akili, ile inayomruhusu mtu kupima, kutoa utambuzi na kuandika dawa. Tunaongea Jumapili. Nilidhani huko kila kitu kimepangwa. Kumbe shule nyingi humwachia mwanafunzi ajitafutie msimamizi mwenyewe, kama hapa tu. Naandika haya kwa sababu Wakongomani wengi wenye Kiswahili wako huko, na wengine wamo kwenye uuguzi.

Ili kufanya mtihani wa cheti wa ANCC, shirika la huko linalotoa vyeti vya wauguzi, anahitaji saa zisizopungua 500 za kliniki zilizosimamiwa. Viwango vya kitaifa vya 2022 kwa shule za namna hiyo vimepandisha saa za kukaa na wagonjwa hadi 750. Cheti ni cha umri wote, kwa hiyo hawezi kujifungia na watu wazima tu. Atafute watoto na wazee pia. Msimamizi awe na leseni isiyo na doa katika jimbo anapofanyia kazi, na kama wagonjwa wanaonwa kwa video, jimbo linaloangaliwa ni lile alipo mgonjwa. Shule na kliniki zisaini mkataba kabla ya saa ya kwanza kuhesabiwa, na mkataba huo unakula miezi. Kwa hiyo aanze mapema kuliko anavyodhani.

Kuna kampuni zinazomtafutia mwanafunzi msimamizi kwa malipo, na si malipo madogo. Mpwa wangu alitaka kulipa. Nikamwambia nilichokuambia wewe: tafuta jina. Kazini kwako wodi ya akili nani anawaandikia dawa? Muuguzi mwenzako aliyemaliza mwaka jana alikuwa na nani? Kliniki inayohudumia wakimbizi kwenu haihitaji mtu wa Kiswahili? Hilo la mwisho ndilo lililofungua mlango. Kliniki ilikuwa na wagonjwa kutoka kwetu na kutoka kambi za Tanzania na Burundi, mkalimani anapatikana kwa simu tu, na daktari amechoka kuuliza habari za ndoto mbaya kupitia spika. Mpwa wangu hakwenda kuomba msaada. Alikwenda na kitu mkononi. Lugha yako ni mali, usiitaje mwisho wa barua kama mapambo.

Ila asidanganywe na wanaosema atakuja kufanya saa zake Lubumbashi likizo. Mimi siwezi kumtilia sahihi hata nikiwa na miaka mingi kazini, maana leseni yangu si ya jimbo lake. Anaweza kuja kujifunza, na namkaribisha. Kuhesabiwa ni jambo jingine, na la kuhesabiwa aliulize shuleni kwake kwa maandishi kabla ya kununua tiketi.

Mambo yakikwama

Yatakwama. Wauguzi watagoma katikati ya staji yako, na mgomo wetu mara nyingi una sababu. Usiingie wodini kufanya kazi za waliogoma. Muulize msimamizi anataka ufanye nini. Wengi watakuambia njoo, kaa na wagonjwa, wape chakula, usiguse sindano. Au msimamizi atahamishwa Likasi ghafla, au atafiwa. Ndiyo maana tangu wiki ya kwanza umzoee mtu wa pili, kwa kawaida muuguzi wa zamu nyingine, na umwombe msimamizi wako akutambulishe kwake mwenyewe. Usijitambulishe kwa mlango wa nyuma, itaonekana unamkimbia wa kwanza.

Mkishindwana tabia, sema naye kwanza, mkiwa wawili, baada ya kazi. Ukienda moja kwa moja kwa DN, wodi nzima itajua kabla ya chakula cha mchana. Lakini kama ni kupigwa kwa mgonjwa, au msimamizi anayekuomba mambo ya kitandani ili akupe alama, hapo hakuna kusema naye. Andika tarehe, saa na waliokuwepo, nenda shuleni siku hiyohiyo, nenda na mtu mzima wa familia.

Karnee itiwe sahihi kila Ijumaa. Usikubali "tutajaza mwisho", kwa sababu mwisho wa staji kila mtu anataka sahihi siku moja na msimamizi hakumbuki tena ulifanya nini mwezi wa tatu. Peleka karnee asubuhi, ikiwa imejazwa kwa mkono wako, majina ya wagonjwa yakiwa herufi za kwanza tu. Muhuri unakaa kwa sekretari, na sekretari Ijumaa anafunga mapema, kwa hiyo sahihi ipatikane kabla ya saa sita, kisha ushuke mwenyewe kugonga muhuri na kupiga picha ya ukurasa kabla hujatoka nje ya geti.